Foto ni ushahidi: namna ya kuipiga vizuri na kuitengeneza bila kudanganya

Foto moja inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kartie. Nyumba zinawaka moto, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Chini yake mtu ameandika: «Ni sasa hivi, ni hapa kwetu.» Hakuna jina la aliyeipiga, hakuna tarehe, hakuna jina la kijiji. Nyuma ya dakika kumi imekwisha kuzunguka vikundi vingi, na kuna mama ambaye ameanza kufunga mizigo. Kesho yake inajulikana kwamba ile foto ni ya miaka mingi, tena ni ya nchi ingine.

Mambo ya namna hii wakaaji wa mashariki mwa Congo wanayajua. Lakini kuna upande mwingine ambao hauzungumziwi sana. Siku foto ya kweli inafika, ya kijiji ambacho kilichomwa kweli, waliokichoma wanajibu kwa neno moja tu: «Montaji!» Na watu wanakubali, juu wamekwisha kudanganywa mara nyingi. Basi foto ya uongo inaleta hasara mara mbili: inaogopesha watu bure, kisha inamnyima mwenye kuteswa ushahidi wake.

Ndiyo maana kujifunza kupiga picha si kujua tu fasi ya kubonyeza. Kuna kazi tatu: kupiga, kutengeneza, na kutuma. Ukweli unaweza kupotea kwenye kila moja.

Congo inajua nguvu ya foto tangu zamani

Mwaka wa 1904, huko Baringa, katika eneo ambalo leo ni upande wa Équateur ya zamani, mwanamke mmoja mmisionari Muingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba mmoja jina lake Nsala. Nsala ameketi kwenye baraza, anaangalia mkono na mguu wa mtoto wake wa kike, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya kaucho. Wakati ule mfalme Leopold II alikuwa anasema Ulaya kwamba habari za mateso ya Congo ni uzushi. Foto ile na zingine zilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani. Mtu aliweza kubishana na maneno, lakini ilikuwa vigumu kubishana na Nsala. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuachia Congo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Foto peke yake haikufanya kazi yote ile, lakini ilisaidia sana.

Mfano wa karibu zaidi uko Kivu ya Kusini. Mwezi wa tisa 2018, tribinali ya kijeshi iliwahukumu viongozi wawili wa kundi la FDLR kifungo cha maisha, kwa mauaji na mateso ya mwaka wa 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, teritware ya Kalehe. Kati ya ushahidi kulikuwa na foto zilizopigwa kwa simu, kupitia programu inayoitwa eyeWitness to Atrocities. Programu ile inaandika saa na fasi ambapo foto imepigwa, na inaifunga foto kusudi mtu asiweze kuigeuza bila kujulikana.

Nguvu ya zile foto mbele ya majaji haikutoka kwenye uzuri wa rangi. Ilitoka kwenye jambo moja: iliwezekana kuonyesha kwamba hakuna mtu aliyezigusa.

Mwangaza kwanza

Tuanze na kupiga. Mtu hana lazima ya apareyi ya bei kali. Simu ndogo inaweza kutoa foto ya kueleweka kama mwenye nayo anajua vitu vichache.

Kitu cha kwanza ni usafi. Jicho la kamera nyuma ya simu linashika mafuta ya vidole na vumbi ya mfuko. Foto nyingi zenye kuonekana kama kuna moshi si mbaya, ni uchafu tu. Kipande cha kitambaa laini kinatosha.

Cha pili ni kujua namna kamera inavyofikiri. Kamera haijui kama mbele yake kuna mtu, ukuta ao jiwe. Inapima mwangaza wote unaoingia, kisha inatafuta katikati: isiwe nyeupe sana, isiwe nyeusi sana. Hapo ndipo matatizo yanaanza. Ukimpiga mtu mweusi akiwa amesimama mbele ya mlango ulio wazi, ao mbele ya anga nyeupe, kamera inaona weupe ni mwingi, inapunguza mwangaza, na uso unakuwa kivuli kitupu. Goma kuna tatizo la kinyume: udongo wa lava ni mweusi, kamera inafikiri kuna giza, inaongeza mwangaza, na mtu mwenye shati nyeupe anatoka kama ameungua na mwanga.

Dawa yake ni rahisi. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu mbele ya kubonyeza. Simu nyingi zitapima mwangaza pale ulipogusa. Zingine zinatoa alama ya jua kando yake. Ukiipandisha kwa kidole foto inaongezeka mwangaza, ukiishusha inapungua. Na kama unaweza, muombe mtu ageuke: mwangaza uanguke kwenye uso wake, usitoke mgongoni.

Cha tatu ni saa. Huku kwetu karibu na ikweta, jua linapanda haraka. Saa sita ya mchana liko juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Asubuhi mpaka karibu saa tatu, na mchana kuanzia saa kumi, mwangaza unakuja kwa upande na ni laini zaidi. Kama habari imetokea saa sita, huwezi kuingoja. Tafuta kivuli cha mti ao cha baraza. Mawingu pia ni rafiki wa mpiga picha, yanasambaza mwangaza sawasawa.

Mbali, katikati, karibu

Wengi wanaoanza wanavuta kwa vidole kusudi kitu kionekane kikubwa. Kwa simu nyingi za bei ndogo, kuvuta vile ni kukata tu: simu inachukua kipande cha foto na kukipanua, na ndiyo maana kinatoka na madoa. Kama hakuna hatari, sogea kwa miguu. Kama kuna hatari, baki mbali na kubali foto ndogo.

Kila tukio linahitaji foto tatu. Tuseme mvua imebeba daraja. Ya kwanza ni ya mbali: bonde, mto, na kitu ambacho wenyeji wataweza kutambua, kwa mfano kanisa, mlima ao nguzo ya simu. Foto hii inajibu swali la «wapi?» Ya pili ni ya katikati: watu wanavuka kwenye miti, mama na mzigo wake wa mihogo. Inajibu «nani, na anafanya nini?» Ya tatu ni ya karibu: ubao uliooza, chuma kilichovunjika. Inajibu «kwa nini?» Mtu akituma foto ya karibu peke yake, hakuna atakayejua kama ile chuma ni ya Walungu ao ya Beni.

Mkono ukitetemeka, foto inatoka na ukungu. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikiegemea mbavu, ao egemea ukuta. Piga nyingi, chagua moja.

Mbele ya kubonyeza, uliza

Mtu anayepigwa foto ana haki ya kujua itaenda wapi. Katika kambi za waliokimbia vita, wengi wakiona kamera wanafikiri ni kuandikishwa kwa msaada. Kunyamaza na kupiga tu, huku ukijua wanavyofikiri, ni aina ya uongo. Unapaswa kusema wazi: «Mama, hii foto ni ya habari. Haileti msaada. Itaonekana kwenye simu za watu wengi, hata wale usiowajua. Unakubali?» Akisema hapana, ni hapana. Kwa mtoto, ni mzazi ao mlezi anayekubali, na mtoto mwenyewe pia anasikilizwa. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ipo kwa sababu hiyo.

Kwa mwanamke ao mtoto aliyebakwa, uso hauonyeshwi. Wala nyumba yake, wala kitambaa chake ambacho kijiji chote kinakijua. Sheria za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji zinaomba hata mahakama zilinde usalama na heshima ya waliotendewa. Itakuwa haya kama mahakama inamficha, kisha mtu wa kartie anamuanika.

Juu ya maiti, kuna familia ambazo zimejua kifo cha ndugu yao kupitia foto kwenye simu, mbele ya mtu kuja kuwaambia. Katika mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, watu zaidi ya 400 walikufa. Foto moja ya mbali, inayoonyesha mawe makubwa mahali ambapo nyumba zilikuwa zimesimama, inatosha kumfanya mtu aelewe ukubwa wa msiba. Uso wa aliyekufa hauongezi habari yoyote.

Na juu ya askari, vizuizi, kambi za jeshi na uwanja wa ndege: kupiga bila ruhusa kunaweza kumuingiza mtu katika shida kubwa, mara ingine kumgharimu maisha. Hakuna foto yenye thamani hiyo.

Kutengeneza: mpaka uko wapi?

Kila foto inatengenezwa kidogo. Hata simu yenyewe inageuza rangi na mwangaza mbele ya kukuonyesha. Kwa hiyo swali si kama foto imeguswa, swali ni nini kimeguswa.

Kwa foto ya habari, inaruhusiwa kuongeza ao kupunguza mwangaza kidogo, kunyoosha foto iliyolala, kurudisha rangi iliyoharibiwa na taa ya manjano, na kukata kando kile kisichohitajika. Kipimo ni hiki: mtu aliyekuwa pale akiiona, atasema «Ndiyo, ilikuwa hivi»? Akisita, umekwisha kuvuka mpaka.

Hairuhusiwi kuongeza kitu, kuondoa kitu, wala kuhamisha kitu. Mwaka wa 2006, wakati wa vita ya Lebanon, mpiga picha mmoja aliongeza moshi juu ya nyumba za Beirut kwa kompyuta. Moshi wa kweli ulikuwepo, yeye aliuongeza tu. Shirika la habari la Reuters liliachana naye na kuondoa foto zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Mwaka wa 2014, shirika la Associated Press liliachana na mpiga picha aliyekuwa amepata zawadi kubwa, kwa sababu alifuta kamera ya mwenzake iliyoonekana pembeni ya foto ya Syria. Kamera ile haikuwa na maana yoyote katika habari. Lakini mtu akikubali kufuta kitu kidogo, nani atajua kama hakufuta kikubwa?

Mwangaza pia unaweza kudanganya ukizidishwa. Mwezi wa sita 1994, magazeti mawili ya Marekani, Time na Newsweek, yaliweka mbele foto moja ya polisi ya mchezaji mweusi O. J. Simpson, aliyekuwa anashitakiwa mauaji. Newsweek iliiacha vile ilivyo. Time iliifanya nyeusi zaidi, na watu wengi walikasirika: kumfanya mtu awe mweusi kusudi aonekane muuaji ni kumhukumu mbele ya jaji.

Kukata kando nako kuna hatari yake. Tuseme vijana wanashika mawe, na mbele yao polisi wanarusha gazi. Ukikata polisi, wanabaki wahuni. Ukikata vijana, polisi wanabaki wanyama. Hakuna kitu kilichoongezwa, lakini habari imegeuka.

Na mambo ya studio?

Mpiga picha wa kartie atasema: «Mimi nakula kwa montaji.» Ni kweli. Mteja anaomba ngozi iangae kwa foto ya ndoa. Familia inaomba marehemu baba awekwe katikati ya watoto, kwa sababu hawakuwahi kupigwa foto pamoja. Hapo hakuna anayedanganywa: mwenye kuomba anajua, wanaoangalia ukutani wanajua. Ni ukumbusho.

Hata sanaa inaishi kwa montaji. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, amejulikana duniani kwa kazi yake inayoitwa Mémoire, ambapo alikamata wafanyakazi wa mgodi kutoka foto za wakati wa ukoloni na kuwaweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka leo. Kila mtu anaona kwamba ni montaji, na ndiyo inayobeba ujumbe wake.

Shida inaanza pale foto inapotoka ukutani na kuingia kwenye faili. Foto ya kitambulisho iliyogeuzwa uso inaweza kumkwamisha mwenye nayo kwenye mpaka. Foto ya kisima kimoja inayowekwa katika ripoti ya miradi miwili ni wizi, na wanaoibiwa ni wanakijiji ambao kisima chao cha pili hakitachimbwa kamwe. Mpiga picha akiombwa kazi ya namna hiyo, ajue kwamba ameombwa kushuhudia uongo.

Kuficha uso, lakini vizuri

Kuna geuzo moja ambalo ni la lazima: kumlinda mtu. Lakini wengi wanaficha vibaya. Ukungu mwepesi juu ya macho hautoshi, jirani atamtambua kwa mdomo na nywele. Rangi ya kalamu ya simu, ile inayopitisha mwangaza, inaweza kuondolewa kwa kupandisha mwangaza tu. Tumia rangi nzito iliyofunika kila kitu, kisha angalia kilichobaki: kovu, yunifomu ya shule, kibao cha duka.

Njia nzuri zaidi ni kumficha mbele ya kupiga. Mpige mgongoni, ao piga mikono yake, ao kivuli chake ukutani. Foto isiyokuwa na uso tangu mwanzo haiwezi kufichuliwa siku simu inaibiwa.

Kumbuka pia kwamba faili ya foto inabeba habari ndani yake: saa, aina ya simu, na mara ingine fasi kamili kama GPS ilikuwa inafanya kazi. Kwa ushahidi wa mahakama, hiyo ni mali. Kwa mtu anayejificha, ni hatari. WhatsApp inaondoa habari hizo ukituma kama foto ya kawaida. Ukituma kama dokima zinabaki. Chagua ukijua.

Maneno ya chini ndiyo yanayodanganya zaidi

Mara nyingi foto ya uongo haikuguswa hata kidogo. Kilichogeuzwa ni maneno. Nyiragongo ilitapika tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya muji wa Goma mpaka ziwani. Mwaka wa 2021 ilisimama upande wa Buhene, kwenye mlango wa muji. Mtu akichukua foto ya kweli ya 2002 na kuandika chini yake «leo», atakuwa amewaambia watu wa katikati ya muji kwamba moto umewafikia. Foto ni ya kweli, lakini imekuwa uongo wenye kuweza kuua watu barabarani.

Kwa hiyo foto bila maneno haijakamilika. Andika nani ao nini kinaonekana, wapi (kijiji, kundi, teritware), tarehe gani, na nani aliyeipiga kama jina lake halimuweki katika hatari. Kama ni foto ya zamani, sema hivyo kwa maneno ya kwanza.

Foto ikikufikia, fanya kinyume chake. Muulize aliyeituma: «Uliipiga wewe? Kama hapana, uliitosha wapi?» Angalia plake za magari, maandishi kwenye vibao, mavazi ya askari, aina ya miti. Itafute kwenye Google kwa kutumia foto yenyewe. Mara nyingi itakuonyesha kama iliwahi kuonekana miaka ya nyuma. Piga simu kwa mtu anayeishi pale. Foto za akili bandia, ile ambayo wengi wanaita IA, zinajulikana mara ingine kwa vidole vya ajabu ao maandishi yasiyosomeka, lakini mashine zinaendelea kujifunza na alama hizo zinapungua. Swali la «nani aliipiga?» ndilo linalobaki na nguvu.

Kutuma nako kuna sheria. Kode ya numerike ya Congo, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inamuadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao na pia anayeisambaza: kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, faini, ao vyote viwili. «Mimi nilituma tu vile nilipewa» si jibu.

Kwa anayetaka kuanza leo, kuna desturi moja isiyolipishwa hata franga. Usitengeneze kamwe foto ya kwanza. Iache vile ilitoka kwenye simu, ihifadhi kwenye kadi ao kompyuta, fanya kazi kwenye kopi. Siku mtu atasema «Montaji!», utafungua ile ya kwanza na kumuonyesha.